Jina Chini ya Rangi

Kwa miaka kumi Mayala Luhende aliwaambia watu wa Mwanza kwamba yeye ndiye anayezipaka rangi pikipiki zao, na watu wakamwamini. Ukweli aliusema kwa mara ya kwanza asubuhi ya Jumanne, tarehe 22 Agosti 2023, askari watatu walipoingia katika karakana yake pale Igogo wakimtafuta fundi aliyelipaka rangi tangi la pikipiki ya wizi. Hakusita hata kidogo. Alinyoosha kidole kuelekea turubai la buluu lililoitenganisha mbele ya karakana na nyuma yake.

"Fundi ni yule mwanamke humo ndani," alisema. "Mimi hata brashi sijui kuishika."

Hivyo ndivyo Bernadeta, dada yake wa tumbo moja, alivyotambulishwa hadharani kuwa fundi: akiwa amefungwa pingu, na vidole vyake bado vina rangi ya machungwa ya madigadi aliyokuwa akiimalizia.

Chumba alimotolewa kilikuwa cha ajabu. Baba yao, Mzee Luhende, alipojenga hakutaka kupoteza matofali, akaliegemeza jengo kwenye jabali. Mbele ilikuwa barabara, kulia duka la vipuri, kushoto saluni ya kiume. Nyuma lilikuwa jabali lenyewe, jeusi na pana, ambalo lilikunywa jua mchana kutwa na kulitema taratibu kuelekea ndani. Dirisha halikuwapo, kwa kuwa jabali halitobolewi dirisha. Mlango mwingine haukuwapo. Aliyetaka kutoka ilimbidi apite penye turubai, na penye turubai alikaa Mayala kwenye kiti chake cha plastiki, shati limepigwa pasi, akipokea wateja.

Mzee Luhende alikuwa mpaka rangi wa mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba. Wavuvi wa enzi zake hawakupenda mwanamke auguse mtumbwi mpya kabla haujaingia majini, wakiamini kwamba mtumbwi ulioguswa hivyo hurudi mtupu. Mzee hakubishana nao. Alikuwa na watoto wawili na kazi nyingi, akaigawa kazi kwa namna ambayo wavuvi wasingeiona. Mambo ya juu, yaani mistari, majina makubwa ubavuni na macho yaliyochorwa kwenye omo, ile ncha ya mbele ya mtumbwi, aliyafanya mwenyewe mchana, Mayala akiwa kando yake ameshika kopo. Mambo ya chini, yaani kusugua, kuziba nyufa na kupaka tabaka la kwanza, alimwachia Bernadeta alfajiri, wenye mitumbwi wakiwa bado ziwani.

Katika mambo ya chini kulikuwa na jambo moja ambalo mzee hakumfundisha mtu mwingine. Kabla ya tabaka la kwanza, alichukua msumari na kulichora jina la mwenye mtumbwi kwenye ubao mtupu, ndani, pale anapokaa mpiga kasia wa nyuma. Mitumbwi iliibwa hata siku hizo. Ilivushwa usiku hadi kisiwa fulani, ikabadilishwa rangi, na kufikia mwezi uliofuata ilikuwa inavua mbele ya macho ya mwenyewe. Mwenye mali aliyepakiwa rangi na Mzee Luhende alikuwa na njia. Aliomba mashahidi wawili, akachukua kisu, akakwangua mahali palepale, na jina lake likatokea.

"Ya juu ni ya watu kutazama," mzee alimwambia binti yake. "Hili ni la mwenyewe. Usilisahau hata kama amekulipa dagaa."

Mayala hakulijua jambo hilo, au alilijua kama mtu anavyozijua tabia za mzee wake zisizo na faida. Lilifanyika kabla ya rangi, na yeye alikuwa mtu wa kufika rangi ilipoanza kuvutia macho.

Bernadeta aliolewa Magu, akakaa miaka saba, akarudishwa kwa sababu hakuzaa. Alirudi mwaka 2012, miezi minne kabla ya baba yake kufariki. Matanga yalipokwisha wanaukoo walikaa, wakanywa togwa, na wakaamua kwamba nyumba, karakana na vifaa vyote ni vya Mayala. Baba mdogo mmoja aliuliza, "Na huyu?" akimwonyesha Bernadeta kwa kidevu. Mayala akajibu kwamba huyu atakaa, wala hana shida naye. Wote wakamsifu kwa moyo wake mzuri. Hakuna aliyeuliza ni nani kati ya wale wawili aliyejua kuitumia ile brashi ya nywele za mkia wa ng'ombe waliyokuwa wanaikabidhi.

Wakati huo bodaboda zilikuwa zimeanza kuujaza mji. Pikipiki zilitoka dukani zikiwa zimefanana kama mayai, na kila dereva alitaka yake ijulikane tangu mbali. Walitaka tangi lenye miali ya moto, ringi zenye rangi mbili, taa za buluu chini ya injini, siti iliyoshonwa mistari, vishada kwenye mishikio, madigadi ndefu ya nyuma yenye mpira ulioandikwa maneno ya kuwatambia wenzao. Vipuri vilipatikana duka la jirani. Rangi na maandishi vilihitaji mkono.

Mkono ulikuwa wa Bernadeta. Mwezi wa kwanza alifanya kazi nje, barabarani, kitambaa kikiwa kimefungwa puani kuzuia harufu ya thina ya kuyeyushia rangi. Kisha dereva mmoja wa kijiwe cha Mkuyuni akateleza kwenye kokoto siku mbili baada ya kuchukua pikipiki yake, akachubuka goti, na akasema kwa mzaha kwamba ndiyo matokeo ya kupakiwa tangi na mwanamke. Mzaha ule ulipendwa. Ulipanda daladala na kushuka, ukafika vijiwe vyote. Wiki iliyofuata Mayala alinunua turubai.

"Ni kwa muda tu, mdogo wangu," alimwambia akilifunga kwenye misumari. "Watu wakizoea tutaliondoa. Wewe unataka kazi au unataka kuonekana?"

Bernadeta alitaka vyote viwili, na hakuona kwa nini mtu alazimishwe kuchagua. Lakini alikuwa amelala chini ya bati la kaka yake tangu baba yao afariki. Akajibu kwamba anataka kazi.

Muda ule ukawa miaka kumi. Pikipiki nzima hakuiona tena, aliletewa vipande. Mayala alifungua tangi, maganda ya pembeni na madigadi, akavipitisha chini ya turubai kama chakula cha mfungwa. Bernadeta alilipakata tangi kama mtoto anayeogeshwa, akalisugua kwa msasa mkavu, kisha kwa msasa wa maji, akaziba mabonde kwa puti, akapaka praima ya tabaka la kwanza, akapuliza rangi, na mwishoni akachora mstari kwa ile brashi ya baba yake, huku amebana pumzi. Mstari wake ulianza mwembamba karibu na kifuniko, ukanenepa begani mwa tangi, ukaisha kwa ncha iliyojipinda kama shingo ya yangeyange. Madereva waliuita mstari wa Mayala. Chini, kwa herufi ndogo za dhahabu, aliamriwa aandike: Mayala Fundi, Igogo. Aliliandika jina hilo mara nyingi kuliko alivyowahi kuliandika lake.

Lakini kabla ya praima, kwenye chuma kitupu, mahali ambapo pua ya siti hulifunika tangi, alichukua msumari na kuchora jina la mwenye pikipiki. Hakuagizwa na mtu. Hakumwambia mtu.

Wateja waliosimama mbele ya turubai walimsikia akikohoa, wakadhani ni mpishi au mfua nguo. Mmoja peke yake alimsalimia. Huyo alikuwa Yassin, kijana wa kijiwe cha Butimba, mtoto wa fundi cherehani, mwenye mdomo usiotulia.

"Shikamoo dada wa gizani!" alipaza sauti kila alipokuja.

"Marahaba."

"Umekula leo?"

"Nimekula thina."

"Basi usikaribie moto, dada, tutakukosa."

Mayala hakuupenda utani huo. "Yassin, umekuja kupaka rangi au kuchumbia?"

"Nimekujia vyote, shemeji. Anza na rangi."

Mwaka 2021 Yassin alitaka tangi jekundu lenye mistari myeupe, na ubavuni neno moja: Nusrat, jina la binti yake aliyezaliwa mwezi ule. Bernadeta alitumia siku mbili kwa herufi sita. Chini ya rangi, kwenye chuma, alichora: Yassin K., Butimba.

Januari 2023 abiria wawili walimkodi Yassin hadi njia ya Usagara, wakamvunja nyonga kwa nondo na kuondoka na pikipiki. Bernadeta alizisikia habari hizo kupitia turubai, kama alivyozisikia habari zote. Baadaye alisikia kwamba Yassin hawezi tena kupanda pikipiki, kwamba amehamia kwa shangazi yake Kigongo, kwenye gati la kivuko, na kwamba anauza maji na mayai ya kuchemsha kwa watu wanaosubiri kuvuka kwenda Busisi.

Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka huohuo alipoanza kuja Masalu. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa pikipiki zilizotumika, mtu mnene mpole, aliyewaita wote "mtani" na kuwanunulia soda. Hakuleta pikipiki, alileta matangi na maganda ndani ya gunia, na kazi yake ilikuwa ya namna moja: toa rangi iliyopo, weka nyeusi, weka mistari ya dhahabu, usiandike jina lolote. Mayala aliona huo ni mtaji wa kudumu.

Gunia la tatu lilikuwa na tangi jekundu. Mtu alikuwa ameshalikwangua ubavuni kwa haraka, akaacha nyuzinyuzi nyeupe za mistari. Bernadeta alilipakata. Kabla hajashika msasa alijua, kama mtu anavyojua nguo yake iliyoanikwa kwenye kamba ya jirani. Alilaza kidole gumba pale pua ya siti inapokaa, akasugua kidogo kwa msasa wa maji, akapangusa. Herufi zilitoka moja baada ya nyingine. Yassin K., Butimba.

Aliliweka tangi chini. Kisha akamwita kaka yake.

"Kaka, ingia ndani. Tazama hapa."

Mayala aliinama, akasoma, akanyanyuka. Mshangao wake haukuwa juu ya wizi.

"Nani ameandika uchafu huu?"

"Mimi. Naandika kwenye kila tangi. Baba ndivyo alivyofanya."

"Kila tangi? Matangi yangu yote?"

"Ni la Yassin, kaka. Yule waliyemvunja nyonga."

"Kina Yassin wako wangapi Mwanza? Hamsini? Mia?"

"Wa Butimba, mwenye K., mwenye tangi jekundu nililolipaka mimi, ni mmoja."

Mayala alitazama turubai kuhakikisha limeshuka, akapunguza sauti. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi sikuiba. Wewe hukuiba. Sisi tunapaka rangi. Mtu akikuletea nguo kufua, unamuuliza ameinunua wapi?"

"Nikiikuta na damu namuuliza."

"Haya, muulize. Masalu akiondoka na kazi yake, na mimi nikalazimika kupangisha chumba hiki, wewe utakwenda wapi? Magu?"

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake tangu zamani, na siku zote lilikuwa jipya. Bernadeta alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Hakuwa na cheti kinachomwita fundi, wala mteja anayeijua sura yake, wala tangi lenye jina lake. Angetoka pale akiwa mwanamke aliyerudishwa, mwenye kikohozi, anayedai kuwa yeye ndiye aliyefanya kazi ambayo mji mzima umeiona ikifanywa na kaka yake. Alijua jinsi watu wangemcheka, kwa kuwa alishawasikia wakicheka kwa jambo dogo zaidi.

"Ziba hayo maandishi kwa puti, paka," Mayala alisema, "na usiandike tena."

Alipaka. Ni lazima hilo lisemwe bila kupambwa: Bernadeta alilipaka tangi la Yassin rangi nyeusi, tabaka tatu, na mistari ya dhahabu juu yake, na kila mstari ulikuwa mzuri. Puti hakuiweka. Aliliacha jina wazi chini ya praima nyembamba kadiri alivyoweza. Kati ya Aprili na Julai alipokea matangi mengine manne aliyoyatambua kwa kidole. Aliyapaka yote. Mengine, ambayo hakuwahi kuyapaka, alisugua chuma chake akakuta kitupu, na wenyewe hakuwa na njia ya kuwajua. Aliyahifadhi majina manne kichwani na kuyarudia kila alipochanganya rangi, kama mtu anayesali rozari: Elias wa Buhongwa, Masele wa Nyakato, Chenge wa Igoma, Msafiri wa Nansio.

Mwisho wa Julai, saa sita mchana, Mayala alikuwa amekwenda kunyolewa saluni ya jirani. Bernadeta akasikia gongo likigonga sakafu ya mbele, hatua moja, gongo, hatua moja.

"Shikamoo dada wa gizani."

Aliuweka msasa chini.

"Hupo? Au umekula thina nyingi leo?"

"Marahaba, Yassin. Kaka katoka."

"Sikumfuata yeye. Nimeletwa Bugando kupigwa picha ya nyonga, nikasema nipite nikusalimie." Kiti cha plastiki kililia akikikalia. "Unajua, dada, pikipiki nimeshaisamehe. Chuma ni chuma. Ila lile jina la mtoto ulilolichora linaniuma. Nikiliona popote nitalijua. Huo mkono wako haufanani na wa mtu."

"Aliyechora ni kaka."

"Dada." Alicheka kidogo. "Miaka yote nakuja hapa. Kaka yako ana mikono safi kama karani wa benki. Wewe unadhani sisi madereva hatuna macho? Tunajua. Tumenyamaza tu, maana aliyenyoosha mkono kupokea ni yeye."

Maneno hayo, ambayo mwenyewe aliyasema kwa wema, yalimwingia Bernadeta kama msumari. Walijua. Kwa miaka yote hiyo ambayo alidhani amefichwa, hakuwa amefichwa, alikuwa ameachwa. Alisimama, akaja hadi penye turubai, akabaki amesimama huku pua yake ikiigusa plastiki ile yenye harufu ya jua.

"Yassin, hutaliona tena jina la mtoto. Sasa ni nyeusi."

"Nini nyeusi?"

"Pikipiki yako. Tangi lilikuja hapa mwezi wa nne. Nimelipaka mimi. Jeusi, mistari ya dhahabu."

Kiti kililia Yassin akiligeukia turubai. 

"Ulijua kuwa ni langu?"

"Nilijua."

"Ukapaka."

"Nikapaka."

"Loo, dada."

Alingoja matusi. Hayakuja, na hilo lilikuwa zito zaidi. Akasema haraka, kabla kaka yake hajarudi, "Unakaa Kigongo. Pikipiki za Masalu, aliyelileta tangi, nasikia zinavuka hapo kwenda Sengerema na Geita. Ukiiona nyeusi yenye mstari wangu, mwombe askari, siti ifunguliwe. Pale pua ya siti inapolala, wakwangue kwa msasa wa maji, taratibu. Jina lako lipo kwenye chuma. Niliandika mwaka ule, na sikulifuta."

Gongo liliinuka. "Wakiuliza nimejuaje?"

Bernadeta alifikiri. Kwenye saluni mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Sema umeambiwa na fundi," alijibu.

Yassin alisubiri kwenye gati wiki tatu, akiuza mayai na kutazama matangi. Tarehe 19 Agosti, kwenye foleni ya kivuko, aliiona, akamwita askari, siti ikafunguliwa. Mwenye nayo alikuwa mwalimu wa Sengerema aliyeinunua kwa nia njema, akalia jina lilipotokea. Mwalimu akamtaja Masalu, Masalu akaitaja karakana ya Igogo, na Mayala, kama ilivyoelezwa, akanyoosha kidole.

Bernadeta alikaa mahabusu siku tisa pamoja na wanawake sita na ndoo moja. Kaka yake hakuja. Siku ya pili mpelelezi alimuuliza swali ambalo yeyote angeuliza.

"Jina umelichora wewe na rangi umeipaka wewe. Sasa wewe uko upande gani?"

"Kuna mengine manne," alisema Bernadeta, na akayataja yote kama alivyoyahifadhi: jina, kijiwe, rangi ya zamani, rangi mpya, na mahali pa kukwangua. Mpelelezi aliandika bila kumtazama. Siku ya nane mawili yalikuwa yamepatikana, moja Sengerema na moja Geita, na herufi zilikuwa pale alipozisema. Yassin alikuja kwa gongo lake kuthibitisha kwamba Bernadeta ndiye aliyemwambia. Askari wakamwachia Bernadeta, kwa sharti la kuwa shahidi.

Inapaswa kuandikwa alikokwenda siku alipoachiwa, kwa sababu wengi hupenda kufikiri kwamba mlango ukifunguliwa mtu hutoka. Alirudi Igogo. Hakuwa na bati lingine. Mayala alimfungulia, na kesho yake kukapita chini ya turubai maganda mawili na madigadi. Mbele, mteja akamsifia kaka yake mstari, naye akajibu, "Ni uzoefu tu, mtani." Hivyo ndivyo walivyoishi miezi kumi na minane zaidi. Jabali lilitema joto lake kama kawaida. Aliyeitwa fundi mbele ya askari aliitwa "yule wa ndani" mbele ya wateja, na hakuna aliyeona kinyaa.

Kesi ya Masalu ilipofikia ushahidi, Mayala aliapa kwa Biblia. Wakili wa Masalu alitaka kumbana yeye, kwamba ndiye mpakaji na mshirika, na Mayala akajitetea kwa nguvu zake zote, akihesabu kwa vidole vile safi.

"Mheshimiwa, mimi napokea wateja tu. Tangu mwaka 2013 matangi yote, mistari yote, maandishi yote ni kazi ya dada yangu Bernadeta. Jina langu aliliandika kwa sababu nilimwagiza. Mimi nikipewa brashi leo nitaiaibisha mahakama."

Watu walicheka. Bernadeta, kwenye benchi la mashahidi, hakucheka. Alikuwa anamtazama karani aliyekuwa akiandika.

Hukumu ilisomwa Oktoba 2024. Masalu alifungwa. Bernadeta alingoja nakala yenye muhuri, akaipata ikiwa kwa Kiswahili, kurasa kumi na tisa, na kwenye ukurasa wa kumi na moja maneno ya kaka yake yalikuwa yamepigwa chapa yote, bila kukosa hata mstari. Aliikunja ndani ya kitenge.

Mwezi Februari alikwenda nayo kwenye ofisi ya umoja wa mafundi wa Mkuyuni, waliokuwa wanagawa mabanda mapya kando ya barabara. Mwenyekiti, Mzee Revocatus, fundi wa kuchomelea, alimpokea kwa heshima na kumkatalia kwa heshima.

"Binti yangu, mabanda ni ya mafundi wanaojulikana. Luhende mpaka rangi ninamfahamu, ni kaka yako. Pikipiki ya mwanangu aliipaka yeye."

"Ya mwanao ni ya kijani, ina mstari mweupe, na ganda la kulia lilikuwa na ufa nikauziba mara mbili," alisema Bernadeta. "Soma ukurasa wa kumi na moja, mzee."

Revocatus alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, na mafundi wengine wakasogea mlangoni. Alipofika kwenye neno "nitaiaibisha" alirudia sentensi ile kuanzia mwanzo, kisha akaivua miwani na kuifuta kwa shati.

"Na sisi tumekuwa tukimpa huyu mtu mkono," alisema.

"Mlikuwa mkijua," Bernadeta alimjibu, bila kupandisha sauti. "Andika jina langu, mzee. Herufi zake nitakutajia."

Karakana ya Igogo sasa huuza chipsi. Brashi ya mkia wa ng'ombe bado iko kwa Mayala, naye amekataa kuitoa. Jumatatu tarehe 17 Machi 2025 Bernadeta Luhende alikabidhiwa banda namba sita, Mkuyuni, lililo wazi pande tatu, na pikipiki ya kwanza kuingia ilikuwa ile ya Yassin, aliyorudishiwa na mahakama na sasa huendeshwa na mdogo wake, ikitakiwa irudishiwe rangi nyekundu.